Pikipiki ilipatikana kabla ya mwenyewe

Jumapili moja ya Julai 2022, saa 2 asubuhi, mama anayeuza ndizi Soko la Kilombero alisimama mbele ya kaunta ya polisi, kanga mbili mabegani kwa ile baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, akauliza: "Samahani afande, mmemleta Babu hapa?"

"Babu gani, mama? Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

Askari alidhani anataniwa. Lakini aliyekulia huku kwetu hapati shida na jibu hilo. Mtoto amepewa jina la baba mkwe, mama anaona haya kumwita mkwe wake kwa jina, basi mtoto anakuwa Babu mpaka aote mvi. Kijiweni anakopaki pikipiki, huyo huyo Babu anaitwa Mzungu kwa sababu ya weupe wake. Kwenye kitambulisho cha NIDA ana majina matatu ambayo mama yake, nilipomwomba ayataje, ilibidi afungue pochi na kusoma nakala. Na kwenye kitabu cha mahabusu cha kituo alichokuwamo, alikuwa na jina la nne, kama tutakavyoona.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, siyo wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi tunaozunguka na watu kwenye kaunta, korido za mahakama na mageti ya magereza. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya familia. Vituo sivitaji, wala majina.

Kilichotokea tulikuja kukijua baadaye. Jumamosi saa 4 usiku Babu alimpakia abiria maeneo ya Sakina, karibu na kwao, mwenye gunia ambalo ndani yake mlikuwa na mitungi miwili ya gesi. Safari ilikuwa ya kwenda Njiro, yaani kuukata mji mzima. Njiani difenda ya doria ikawasimamisha. Abiria akaruka, akatokomea gizani. Wakabaki Babu, gunia na pikipiki. Kosa lililoandikwa ni kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi.

Sasa angalia hapo tu, kabla hatujaenda mbali. Mama alianza kutafuta kutoka nyumbani kwenda nje: kituo cha jirani kwanza, halafu Kituo Kikuu, halafu vingine kadiri nauli ilivyoruhusu. Polisi wao wanaandika kutokea pale walipomkamata mtu. Kati ya mistari hiyo miwili kuna jiji zima, na usisahau kwamba Arusha imezungukwa: ukivuka kidogo tu umeingia Arusha DC, upande mwingine umeingia Meru, na huko kuna vituo vya Ngaramtoni na Usa River ambavyo haviko chini ya wilaya ya mjini hata kidogo. Bodaboda anayevuka mipaka hiyo mara kumi kwa siku anaweza kushikiliwa popote.

Vituo viwili vya kwanza walisema hayupo, na kweli hakuwapo. Akaenda Hospitali ya Mount Meru, wodi ya majeruhi. Hayupo. Akasimama nje ya mochwari kama nusu saa, akashindwa kuuliza, ikabidi jirani aliyekuwa naye aingie kwa niaba yake. Hayupo. Saa 6 mchana akafika kituo cha tatu. Akauliza vile vile: Babu. Akakumbuka kutaja na jina la ubatizo. Askari akapitisha kidole kwenye ukurasa, akasema hayupo.

Hapo alikuwapo. Mita kumi na kitu, nyuma ya mlango wa chuma. Aliyeandika usiku alikuwa amechukua jina la kwanza na la tatu, la katikati akaliacha, na lile la tatu akaliandika kama lilivyomfikia sikioni, herufi l ikawa r. Tunajijua sisi wenyewe kwa l na r. Jina la ubatizo alilolitaja mama halikuwamo kabisa, kwa kuwa ndilo la katikati. Sidhani yule wa kaunta alidanganya. Aliulizwa jina, akalitafuta, hakuliona. Babu aliniambia baadaye kwamba alisikia sauti ya mama yake, akaita, na wenzake wa lokapu wakamwambia anyamaze asiwaletee matatizo.

Kwa upande wa ndani hali ilikuwa na kituko chake. Watu wengi wanaamini ukikamatwa huna haki hata ya kupiga simu. Siyo hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka polisi, pale mtu aliye chini ya ulinzi anapoomba, amwezeshe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki yake. Kwa namba zilizokuwa zikitumika mwaka huo ni kifungu cha 54. Ndugu na rafiki wanaweza kuzuiwa ikiwa kuna sababu ya maana ya kuamini kwamba mawasiliano hayo yatamsaidia mshirika wa kosa kutoroka au yataharibu ushahidi. Wakili haguswi na kizuizi hicho. Abiria wa Babu alikuwa bado anatafutwa, kwa hiyo hata kama wangemkatalia kuongea na mama yake wangekuwa na pa kusimamia.

Hawakumkatalia. Jumamosi ile ile usiku aliomba, "Afande naomba unipigie mama." Afande akatoa simu: "Namba?" Babu akatoa macho. Namba ya mama imo kwenye simu, imeandikwa "Maza", na simu imezimwa, iko kwenye bahasha pamoja na mkanda na pochi. Namba pekee aliyoijua kichwani ilikuwa yake mwenyewe. Haki ikaishia hapo, kwenye kaunta, kwa kukosa tarakimu kumi.

Aliyeokoa jahazi ni kijiwe. Saa 10 jioni mama alifika pale akiwa amechoka, akakuta wanamjadili Mzungu: bosi mwenye pikipiki amepiga simu mara tatu anataka hesabu yake ya Jumamosi. Dereva mmoja akasema asubuhi alipita kituo fulani kufuatilia ajali ya mwenzake, akaona Boxer nyekundu yenye turubai la njano kwenye kiti imeegeshwa uani, ndani ya uzio. Mwenyekiti wa kijiwe akatoa daftari lake. Kila pikipiki ya pale imeandikwa, kwa namba yake inayoanzia na MC.

Wakarudi kituo kile kile cha tatu. Zamu ilikuwa imebadilika. Mwenyekiti, mtu mzima anayejua kuongea na watu, hakumuulizia Mzungu wala Babu. "Habari za kazi, afande. Tunaulizia pikipiki," akaitaja namba. "Ilikamatwa jana usiku barabara ya Njiro. Dereva wake ni huyu," akaweka nakala ya NIDA juu ya kaunta.

Askari akafungua kitabu. "Pikipiki ipo." Akageuza ukurasa, akalinganisha na nakala. "Na mwenyewe yupo. Mbona mmechelewa?"

Kama kuna kitu kimoja cha kubeba kutoka siku ile, ni namna alivyouliza mwenyekiti. Hakutoa jina peke yake. Alitoa majina yote matatu kwa maandishi, saa, mahali pa kukamatiwa na kitu alichokamatwa nacho. Jina linaweza kukosewa kwa njia kumi. Pikipiki haina jina la nyumbani.

Mama alikimbia kuleta chakula. Wali na maharage kwenye hotpoti, na sweta. "Onja kwanza, mama," akaambiwa. Akachota kijiko, akala mbele ya kaunta, akameza, askari akitazama. Hakuna dharau hapo, ni utaratibu, kila anayeleta chakula anaonja. Sweta lilikuwa na kofia. Kamba ya kofia ikachomolewa, sweta likapita. Kisha Babu akatolewa, wakapewa kama dakika tatu, kaunta katikati yao.

Walichoongea ndicho ambacho mama yeyote angeongea. Umekula? Wamekupiga? Una baridi? Dakika zikaisha. Hakuuliza namba ya kesi, hakuuliza jina la mpelelezi, hakuuliza atapelekwa mahakamani lini. Simlaumu, nimewaona watu waliosoma sana wakitoka kaunta bila lolote kati ya hayo. Lakini hapo ndipo siku nne zilizofuata zilipopotelea. Ile namba ya RB ambayo watu huishika kama hirizi ni ya taarifa tu. Likifunguliwa jalada la upelelezi kesi inapata namba nyingine, ile yenye herufi IR katikati, na jalada linapewa mpelelezi. Kuanzia hapo mahabusu si wa kituo tena. Ni wa jalada. Jalada likienda mahakamani, naye anakwenda. Likihamishiwa kituo kingine, naye anahama, usiku au mchana, na hakuna anayepanda hiace kuja Sakina kuwaarifu.

Vijana wa kijiwe walitaka dhamana usiku ule ule. "Saa 24 zinaisha saa 4, lazima mumwachie!" Hapa sheria inatajwa sana na inasomwa kidogo. Inavyosema ni kwamba mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, ikionekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alichunguze suala lake na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane ni zito. Kwa hiyo saa 24 hazifungui mlango zenyewe kama kengele ya shule. Zinampa mkuu wa kituo wajibu wa kuamua, na ninyi zinawapa haki ya kumwona na kumuuliza ameamua nini. Kosa la Babu lilikuwa la kudhaminika. Kwa maoni yangu angetoka Jumapili ile, kama angekuwapo mtu mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, akaomba kumwona mkuu wa kituo kwa heshima badala ya kumpigia kelele askari wa kaunta, ambaye hana mamlaka hayo. Jibu walilopewa ni "mwenye kesi hayupo, njooni kesho", nao wakaondoka.

Nje ya uzio alikuwapo mtu wa makamo, amevaa koti zuri. "Mama, mimi najuana na mpelelezi. Laki moja na nusu, kesho asubuhi kijana yuko nyumbani." Mama akatoa 60,000 ya ndizi za Jumatatu, nyingine akaahidi. Dhamana ya polisi haina malipo, na yule bwana hakuonekana tena.

Jumatatu ndiyo siku niliyopigiwa simu, saa 7 mchana. Swali langu la kwanza huwa siyo "yuko wapi" bali "nani amemkamata". Kwa sababu siyo kila anayeshikiliwa ameshikwa na polisi wa kawaida. Kuna Uhamiaji, kuna TAKUKURU, kuna askari wa jiji na machinga wao. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa nao wana uwezo kisheria wa kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48, na hapo ukimsumbua mpelelezi unamwonea tu. Umri nao nauuliza. Angekuwa na miaka 17 tungekuwa tunazungumzia Mahabusu ya Watoto. Arusha ipo, Moshi ipo.

"Ni polisi," mama akasema. "Nipo hapa kituoni tangu saa 3 na uji. Wameniambia ametoka na gari la mahakamani. Namsubiri arudi."

Niliposikia neno "arudi" nikajua tumechelewa. Mtu akishasomewa mashtaka harudi kituoni kwa kawaida. Anadhaminiwa akiwa mahakamani, au anapanda karandinga, lile gari la kupeleka mahabusu gerezani.

Tulifika mahakamani saa 8 na nusu. Karani, dada mwenye subira ambaye nashukuru Mungu nilimkuta, alitafuta kwa majina matatu akamwona. Aliitwa saa 5 asubuhi, akasomewa shtaka, akakana. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika. Hakimu akasema dhamana iko wazi: wadhamini wawili wa kuaminika, kila mmoja awe na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, asaini bondi ya shilingi milioni 2. Akauliza kama wapo. Babu akageuka kuangalia mabenchi ya nyuma.

Saa ile ile mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi jingine, upande wa pili wa mji, na chupa ya uji mapajani.

Karani akatuandikia namba ya kesi na tarehe ya kutajwa, wiki mbili mbele, kwenye kipande cha daftari la mistari. Karandinga ilikuwa imeshaondoka kwenda Kisongo.

Jumanne tukapanda hiace. Gereza Kuu la Arusha liko huko Kisongo, barabara ya kwenda Makuyuni, eneo la Uwanja wa Ndege wa Arusha, na nchi nzima inalijua kwa sababu ya wakubwa waliopita humo. Godbless Lema, akiwa mbunge wa Arusha Mjini, alikaa mahabusu humo tangu Novemba 2016 hadi Machi 2017 huku mabishano ya dhamana yake yakifika mpaka Mahakama ya Rufani. Mama aliukumbuka mkasa huo ndani ya gari, akaanza kulia: kama mbunge alikaa miezi minne, Babu wake je? Nikamwambia dhamana ya yule ilikuwa inabishaniwa, ya Babu iko wazi, kinachokosekana ni watu wawili na karatasi mbili. Alinitazama kama mtu asiyeamini kwamba jambo linaweza kuwa dogo hivyo.

Getini mambo yalikwenda haraka kuliko kituoni, na nadhani najua kwa nini. Gereza halipokei mtu kwa mdomo, linampokea kwa hati ya mahakama. Tukataja majina matatu kama yalivyo kwenye hati, na namba ya kesi. Dakika kumi akawa amepatikana. Siku na saa za kutembelea hupangwa na gereza lenyewe, na sisi tulibahatika. Wewe ulizia kabla ya kubeba mzigo. Simu zinabaki nje. Mahabusu havai sare ya wafungwa, anabaki na nguo zake, kwa hiyo Babu alitoka na lile sweta lisilo na kamba. Wakaongea kupitia wavu, askari amesimama hatua mbili. Nilishamwonya mama asiulize habari za mitungi wala abiria. Mahali pale si pa kusimulia kesi.

Babu alitaka ndala, sabuni na mswaki. Halafu akasema, "Mama, mwambie bosi pikipiki iko kituoni, haijaibiwa."

Kuhusu wadhamini sina mengi, ila muhuri. Mwenyekiti wa kijiwe alipata barua yake Jumanne jioni. Baba mdogo alipanda coaster kutoka Moshi Jumatano alfajiri na barua iliyoandikwa vizuri, jina, kazi, uhusiano, sahihi, lakini haina muhuri wa ofisi. Ikakataliwa. Akarudi Moshi, kilometa 80, akagongewa muhuri, akalala huko. Alhamisi asubuhi hakimu akawakubali wote wawili. Kwa kuwa mshtakiwa lazima awepo asaini bondi yake, mahakama ikaandika hati ya kumtoa gerezani, Babu akaletwa mchana. Saa 9 na dakika kadhaa akatoka mlango wa pembeni akiwa ameshika ndala mkononi, sijui kwa nini hakuzivaa.

Usiku tano. Ungeweza kuwa usiku mmoja tu, au mbili zikizidi sana, kama barua zile mbili zingeandikwa Jumapili jioni badala ya kumpa mtu wa koti 60,000, na kama Jumatatu saa 2 na nusu asubuhi familia ingekuwa mahakamani na siyo kituoni. Mama alipika uji, akachelewa kwa ajili ya uji. Nilipomweleza hivyo kwa upole alinijibu, "Mwanangu, ningeendaje mikono mitupu?" Sikuwa na jibu.

Kesi ilitajwa mara nyingi, mwenye mitungi hakutokea, na Machi 2023 ikaondolewa. Siku hizi namba ya mama imeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya helmeti ya Babu. Anasema anaijua kichwani, lakini nilimjaribu na akakosea tarakimu mbili za mwisho.

Pikipiki ilibaki uani kama kielelezo mpaka kesi ilipoisha. Nilikwenda na bosi kuichukua. Tairi la nyuma limelala, betri haipo, turubai la njano limepauka likawa jeupe. Askari akafungua daftari ili bosi asaini. Nikachungulia. Namba ya MC ilikuwa imeandikwa bila kosa hata la herufi moja.